Lamu na makaa ya mawe: walioitwa kabla ya kuambiwa

Bomba la moshi la mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, pwani ya Kenya, peke yake lingekuwa na urefu wa mita 210. Mtu aliyekulia Amu, yaani mji wa kale wa Lamu, mji wa nyumba za mawe za ghorofa mbili tatu, ambako virefu ni minara ya misikiti na minazi, hana pa kukilinganisha kimo hicho. Lilikusudiwa kusimamishwa Kwasasi, upande wa bara, kilomita kama 20 kutoka mji wa kale, katika mashamba ambayo watu walikuwa wakiyalima. Halikujengwa. Ukiuliza kilicholizuia, wengi watakwambia ni moshi: watu waliuogopa moshi, wakapiga kelele, wakashinda. Si uongo. Ila mbele ya sheria moshi haukuwa na uzito huo. Mradi wa dola bilioni 2 uliangushwa na habari za mikutano: nani aliitwa, aliitwa lini, na alipofika aliambiwa nini.

Nakirudia kisa hiki kwa sababu hadi leo wapinzani wa makaa ya mawe huchorwa kama watu wasiotaka umeme, au watu waliotiwa maneno mdomoni na wafadhili wa kigeni. Ukikifuata kisa cha Lamu hatua kwa hatua, picha hiyo haisimami.

Mnyororo unaoanzia Kitui

Septemba 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40. Miezi, si miaka. Kwa haraka ya namna hiyo makaa ya mawe yalionekana kuwa njia ya mkato, na miradi miwili ikawekwa mezani: mtambo wa megawati 960 Kitui, na wa megawati 1,050 Lamu. Wa Lamu ulikwenda kwa Amu Power, kampuni iliyoundwa na Gulf Energy pamoja na Centum, huku mkopo mkubwa ukitarajiwa kutoka benki ya ICBC ya China. Makaa yenyewe yangeanza kuletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Baadaye, migodi ikishafunguliwa, yangetoka bonde la Mui, kaunti ya Kitui.

Hapo ndipo watu huteleza. Huuliza: Lamu hakuna mgodi hata mmoja, hawa wavuvi wanapinga uchimbaji upi? Lakini mgodi bila tanuri ni shimo tu. Anayelikataa tanuri Kwasasi anamwondolea soko mchimbaji wa Mui, hata kama hajawahi kukanyaga Kitui maishani mwake. Na kule Afrika Kusini, nchi ambayo shehena za kwanza zingetoka, kulikuwa na vijiji vilivyokuwa vikilikataa makaa kwa sababu zao wenyewe. Tarehe 22 Oktoba 2020 Fikile Ntshangase, bibi aliyekuwa mstari wa mbele kupinga kupanuliwa kwa mgodi wa Somkhele huko KwaZulu-Natal, alipigwa risasi na kuuawa nyumbani kwake. Sisemi mgodi ule ndio ungeilisha Lamu. Nasema kila ncha ya biashara hii ilikuwa na watu waliokuwa wakisema hapana, na wengi wao hawakujuana.

Mui kwanza, maana bila Mui kesi ya Lamu haieleweki. Utafutaji wa makaa ulianza huko mwishoni mwa miaka ya 1990. Bonde likagawanywa vipande vinne, A hadi D, na vipande C na D vikaenda kwa kampuni ya Fenxi ya China. Katika kipande C pekee serikali ilitangaza kuwepo kwa tani milioni 400. Tangu hapo mkulima ambaye shamba lake limechorwa ndani ya ramani ya mgodi amekuwa mtu wa kusubiri. Ajenge nyumba ya matofali au avumilie ile ya zamani? Apande miembe, itakayozaa baada ya miaka, au aendelee na ndengu na kunde za msimu? Na makaburi ya wazee waliolala pale shambani, yatahamishwa na nani, yapelekwe wapi? Mtu akisikia neno madini hudhani balaa huanza siku trekta linapochimba. Mui balaa lilianza siku ramani ilipochorwa, na miaka kumi baada ya mikataba mgodi ulikuwa bado haujafunguliwa.

Watu wa Mui walikwenda mahakamani wakilalamika kwamba mipango ilifanywa bila wao. Mwaka 2015 majaji watatu waliona kwamba kwa hatua ile wananchi walikuwa wameshirikishwa kiasi cha kutosha. Hawakupata walichokiomba. Ila katika kuwakatalia, majaji waliandika vigezo: kwamba ushirikishaji wa umma hauna kanuni moja ya kudumu bali lazima ulingane na uzito wa jambo; kwamba wananchi lazima wapate habari zinazohusika; kwamba lazima zifanyike juhudi za makusudi za kuwafikia walioguswa zaidi; na kwamba maoni yao, hata yasipokubaliwa, yapimwe kwa nia njema, yasichukuliwe kama kutimiza desturi tu. Vigezo hivyo vimenukuliwa katika kesi za aina hii tangu hapo. Waliovipigania wakashindwa, waliokuja nyuma wakavikuta tayari.

Bahari haina hati miliki

Sasa tushuke Lamu. Kaunti hii ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwa mtu wa bara mkoko ni mti wa matope. Kwa mtu wa Lamu ni boriti ya nyumba, ni kuni, ni mbao za chombo, na zaidi ya yote ni malezi ya samaki: kaa, kamba na samaki wengi wa miambani hukua katikati ya mizizi ile, mahali ambapo samaki mkubwa hawezi kupenya, mpaka wapate nguvu ya kutoka. Ukitaka kujua kama mwakani kutakuwa na samaki, usitazame bahari kuu, tazama mizizi.

Mtambo wa makaa huchemsha maji ili mvuke uzungushe mashine, kisha mvuke huo lazima upoozwe. Kwasasi iko kando ya ghuba ya Manda, kwa hiyo maji ya kupoozea yangevutwa baharini na kurudishwa yakiwa na joto kuliko yalivyoondoka. Kwa kiumbe wa bahari nyuzi chache tu za joto, kila siku, mahali palepale, ni nyingi. Kuna na majivu. Makaa yakiungua huacha majivu yenye zebaki, risasi, aseniki na madini mengine yasiyoungua, na kwa mtambo wa ukubwa huu majivu hayo hujaa mashimo makubwa kama viwanja, yanayotakiwa kulindwa kwa miaka mingi baada ya mtambo wenyewe kuzimwa. Wahandisi watakwambia shimo litatandikwa vizuri. Mvuvi atakuuliza kuhusu maji ya bamvua. Yote mawili ni maswali ya kitaalamu, ila moja tu huandikwa kwenye ripoti.

Habari ya madini ndani ya vumbi wala si ya kutishana. Pwani ya Kenya ilikwisha kuipitia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaachia watu risasi ndani ya damu, watoto wakiwa wa kwanza kuathirika. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yale baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na baadaye akawa miongoni mwa sauti zilizopinga makaa Lamu. Kwa hiyo mtu wa Lamu aliposikia neno risasi hakuhitaji mhadhara.

Halafu pepo. Hili ndilo jambo ambalo mgeni haliulizi. Kwasasi iko kaskazini ya mji wa Amu. Miezi ya kaskazi, upepo hutoka upande ule kuelekea mjini, siku baada ya siku, ndio uleule uliovileta vyombo kutoka Arabuni kwa karne nyingi. Nyumba za Amu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa, na chokaa haipatani na asidi: gesi ya salfa itokayo kwenye makaa ikikutana na unyevu wa bahari hugeuka kitu kinachokula jiwe taratibu. Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Huhitaji kuwa mwanaharakati kuona kwamba mwezi wa Januari moshi na mji vingekutana.

Yote hayo ni hasara zinazoweza kuelezwa. Ugumu ni kwamba hazina mwenyewe kwenye karatasi. Ardhi nyingi Lamu hukaliwa na kulimwa kizazi hadi kizazi bila hati. Mwenye hati hulipwa, asiye nayo hujieleza. Bahari nayo haina hati kabisa. Mvuvi anajua mwamba wake, anajua mlango upi hupitwa kwa maji gani, alirithishwa ujuzi huo na babake, lakini hakuna ofisi atakayokwenda kuuonyesha. Mradi unapokuja na jedwali la watakaofidiwa, yeye hayumo. Si kwa ubaya wa mtu fulani. Jedwali lenyewe halina safu ya watu kama yeye.

Na hili hawakulibuni vichwani. Kabla ya makaa ilikuja bandari. Lamu ilichaguliwa kuwa mlango wa mradi wa LAPSSET, njia ya kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, na uchimbaji wa kina cha bahari ukachafua na kufunga maeneo ya uvuvi. Wavuvi, wakiongozwa na Mohamed Ali Baadi, walikuwa wameshafungua kesi. Mwisho wa Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kuamriwa kulipwa na kulipwa ni safari mbili, kama ajuavyo kila aliyewahi kuidai serikali. Cha muhimu kwetu ni kwamba mradi wa makaa ulifika kwa watu ambao tayari walikuwa wameona namna bahari yao inavyoweza kuchukuliwa kwanza na kuzungumzwa baadaye.

Karatasi ya mahudhurio

Aliyewahi kukaa kwenye baraza la mradi, pwani au bara, anaijua picha. Hema. Viti vya plastiki. Mgeni mwenye picha za rangi za jengo litakavyokuwa, miti ya kijani imepandwa kando ya ukuta wake. Soda mwishoni. Na mapema kabisa, karatasi inayopitishwa mkono kwa mkono: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Unatia sahihi kwa sababu umefika. Miezi baadaye karatasi ileile inaonekana nyuma ya ripoti, kama kiambatisho, ikishuhudia kwamba jamii ilishirikishwa. Ulisema nini, hakuna safu yake. Kama ulisimama ukapinga mpaka sauti ikakukauka, sahihi yako inafanana na ya aliyeshangilia.

Sheria ya Kenya inajua udhaifu huu, ndiyo maana kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zimeeleza kazi yote kwa undani usiochosha: kubandika matangazo mahali watu wanapopita, kutangaza gazetini wiki mbili mfululizo, kutangaza redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji, kufanya mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika, kueleza mradi pamoja na athari zake, kisha kupokea maoni. Neno zito hapo ni *athari*. Huwezi kumwomba mtu maoni juu ya athari ambazo bado hujazichunguza.

Mamlaka ya mazingira, NEMA, iliupa mradi leseni Septemba 2016. Mwezi wa Novemba Save Lamu, mwavuli wa vikundi vya wenyeji, pamoja na wakazi watano, walikata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo kazi yake ni kusikiliza mizozo ya leseni kama hizi. Kwa karibu miaka mitatu kesi ilisikizwa: wataalamu wa hewa, wa bahari, wa uchumi wa umeme, wakazi.

Uamuzi ulitoka tarehe 26 Juni 2019, leseni ikafutwa. Ukiusoma utaona kwamba jopo halikusema makaa ni haramu. Halikusema mtambo usijengwe kamwe. Liliangalia mikutano iliyokuwa imefanyika mwanzoni, likaona ilikuwa ya kuutambulisha mradi: sisi ni fulani, tunakuja kufanya jambo hili, karibuni. Ilipangwa kabla ya utafiti kujua chochote cha maana kuhusu majivu, maji ya moto au hewa. Utafiti ulipokamilika na kuwa kitabu kinene cha Kiingereza cha kitaalamu, watu waliohusika hawakurudiwa kama kanuni zinavyotaka. Kwa maneno yangu: waliitwa kabla ya kuambiwa, na walipostahili kuambiwa hawakuitwa.

Kuna sentensi katika uamuzi huo ambayo mawakili wa mazingira huikariri. Jopo liliandika kwamba ushirikishaji wa umma ndio oksijeni inayoupa uhai utafiti wa athari na ripoti yake. Ukikosekana, utafiti huo ni sawa na mtoto aliyezaliwa mfu, hata ripoti iwe nene na ya kuvutia namna gani. Mahakama zetu hazina desturi ya kusema kwa mafumbo, kwa hiyo lilipotoka hili lilishika.

Kosa la pili lilihusu tabianchi. Kenya ilikuwa imepitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2016, miezi kabla ya leseni kutolewa, na bado mtambo ambao ungekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya hewa ukaa nchini ulipimwa kana kwamba sheria hiyo haipo. Hapa moshi uliingia kortini, ingawa kwa mlango wa nyuma.

Hesabu ya umeme

Ningekuwa wakili wa mradi, hoja yangu kubwa ingekuwa umeme. Lamu yenyewe iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Vijana wa miji ya Hindi na Mpeketoni, hukohuko Lamu, wanataka kazi, na mtambo wa ukubwa huu ungeajiri maelfu wakati wa ujenzi. Wapo wenyeji waliouunga mkono mradi kwa sababu hizo, na ni dharau kuwaita wamenunuliwa. Mtu asiye na kazi akiona lori la saruji huona mshahara. Hata balozi wa Marekani wa wakati huo, Kyle McCarter, alilipigia debe makaa hadharani, huku mradi wenyewe ukitegemea fedha za China. Ni nadra kuwaona wawili hao upande mmoja.

Lakini hesabu ilikuwa mbovu, na hili lilisemwa na watu wa fedha kabla hata ya watu wa miti. Mwaka 2019 kilele cha mahitaji ya umeme Kenya nzima kilikuwa hakijafika megawati 2,000, na nchi tayari ilikuwa na mitambo inayozidi mahitaji hayo, sehemu kubwa ikitokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Kuongeza megawati 1,050 kwa mkupuo ni kama familia ya watu wanne kununua basi. Na basi hilo lingelipiwa likiwa limeegeshwa. Mkataba wa kuuziana umeme uliotiwa sahihi mwaka 2017 ulikuwa na malipo ya uwezo, yaani kampuni inalipwa kwa kuwa tayari kuzalisha, iwe imezalisha au la. Taasisi ya uchambuzi wa fedha za nishati ya IEEFA ilikadiria malipo hayo kuwa dola milioni 360 kwa mwaka, sawa na bilioni 9 kwa miaka 25. Zingetoka wapi? Kwenye tokeni ya mama anayekaanga viazi Kisauni, na bili ya kinyozi wa Nakuru.

Wakenya walikuwa na somo la karibu. Mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilikamilika mwaka 2017 ikakaa bure zaidi ya mwaka kwa sababu waya wa kuufikisha umeme haukuwa tayari, na serikali ikalazimika kulipa fidia ya kuchelewa. Upepo ni safi, ila mkataba ni mkataba. Kwa hiyo hoja ya fedha haikuwa ya kuchukia makaa. Ilikuwa ya kuogopa kusaini.

Hoja hii ilifanya kitu ambacho picha za mikoko hazikuweza: iliutoa mjadala Lamu ukaingia Nairobi. Vuguvugu la kupinga makaa, deCOALonize, lilipoandamana jijini, walioshika mabango hawakuwa wavuvi peke yao.

Gharama ya kusema hapana

Lamu ni mahali pa hatari kupingia jambo. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 eneo limeishi chini ya ulinzi mkali. Kulikuwa na kafyu, na uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa mvuvi ni sawa na kuambiwa ale nusu. Katika hali hiyo ni rahisi sana kumgeuza mpinzani wa mradi kuwa mtu wa kutiliwa shaka. Desemba 2018 shirika la Human Rights Watch na muungano wa watetezi wa haki nchini Kenya walieleza visa vya wanaharakati wasiopungua 35 wa Lamu waliotishwa, kukamatwa au kusumbuliwa kwa kazi yao dhidi ya miradi hii, wengine wakihusishwa na ugaidi. Mkutano wa kijiji ulihitaji ruhusa. Ruhusa ilikuwa kwa wakuu. Wakuu walikuwa na msimamo juu ya mradi.

Nalitaja kwa sababu linabadilisha maana ya ile karatasi ya mahudhurio. Kama kusimama na kupinga kunaweza kukuletea gari la polisi mlangoni, ukimya wa watu kwenye hema hauwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Mwenyekiti akiuliza "Kuna mwenye swali?" na pasiwe na mkono, mwandishi wa kumbukumbu huandika: hakukuwa na pingamizi. Waliokuwepo wanajua mikono ilikuwa wapi.

Nguvu ya Save Lamu, kwa maoni yangu, ilitokana na kwamba walianza mapema kuandika mambo yao wenyewe. Walikusanya kwa maandishi desturi za jamii zao za kutumia bahari, misitu na ardhi, pamoja na namna wanavyotaka kuendewa na anayetaka kuleta mradi. Wakapata mawakili wa Katiba Institute na msaada wa shirika la Natural Justice. Mtu ambaye hakuwa na safu kwenye jedwali la wengine alijitengenezea jedwali lake. Mji ambao kila jambo zito huzungumzwa barazani, kwa mdomo na kahawa, uliamua safari hii kwenda na karatasi, kwa kuwa aliyekuja alikuja na karatasi.

Kilichofuata

Baada ya uamuzi, fedha zilianza kuukimbia mradi. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitenga nao mwishoni mwa 2019. General Electric, iliyokuwa imekubali kuingia kama mwanahisa, ilitangaza Septemba 2020 kwamba inaacha kujenga mitambo mipya ya makaa popote. Kisha ICBC nayo ikajiondoa. Inafaa kukumbuka mpangilio: mabenki hayakuondoka kwa kuona haya juu ya mikoko. Yaliondoka baada ya leseni kufutwa na hesabu kuanikwa.

Amu Power ilikata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kesi ilikaa miaka. Oktoba 2025, huko Malindi, mahakama iliitupa rufaa hiyo na kuuacha uamuzi wa jopo usimame: leseni imefutwa.

Wapo waliosherehekea kana kwamba makaa yamezikwa. Amri ya jopo la 2019 haisemi hivyo. Inasema kampuni ikiwa bado inautaka mradi, ifanye utafiti mpya kwa kufuata sheria. Makaa ya Mui yangalipo chini ya mashamba ya ndengu. Kwa hiyo mlango haujafungwa kwa kufuli, umerudishiwa tu, na atakayetaka kuufungua anajua pa kuanzia: abandike tangazo pale watu wanaposhukia mashua, alisome redioni kwa lugha wanayoielewa, wiki mbili mfululizo, aitishe mikutano isiyopungua mitatu, na safari hii aje akiwa ameshajua majivu yatakwenda wapi.